Mtoto Akiugua Usiku, Tusingoje Kuche



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya kofia ya kazi, viatu, mikanda na mavumbi. Leo tunaacha kidogo mambo ya shimo na ya kiwanda. Tunaingia nyumbani, usiku, wakati mtoto wa mwaka mmoja, miwili ao mitatu anaposhikwa na ugonjwa kwa ghafla.

Lakini somo lenyewe si geni kwenu. Kazini kila mtu anajua kwamba mwamba ukianza kulia na vijiwe vikianza kudondoka, hakuna anayesema: "Tungoje kapita aje kuangalia." Watu wanatoka kwanza, maneno yanafuata nyuma. Mwamba umeonyesha alama, na alama inatosha. Mtoto mgonjwa naye ana alama zake. Anayeziona akingoja asubuhi, anafanya kosa lile lile la mtu anayebaki chini ya mwamba unaolia.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme baba wa nyumba anatumika usiku. Ametoka jioni na atarudi baada ya saa kumi na mbili ya asubuhi. Kisha kula bukari, mama anasikia mwili wa mtoto una joto. Anampa dawa ya homa, wanalala. Saa saba ya usiku mtoto anatapika. Anapewa maji, anayatapika. Saa nane mama anamwekea ziwa kinywani, naye hanyonyi. Kichwa kinalegea, macho yanafunguka nusu.

Mama anawaza: "Karte ya hospitali iko katika mfuko wa baba. Franka ziko kwake. Inje ni giza. Nikitoka bila ruhusa, jamaa watasema nini? Na kama munganga akiona ni homa ndogo tu, si atanicheka? Afadhali ningoje. Kuche si mbali."

Toka saa nane ya usiku mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi ni masaa 4. Ndugu msomaji, somo letu lote la leo liko ndani ya masaa hayo 4. Mama huyu si mzembe, naye anampenda mtoto wake. Lakini anangoja mambo matatu: ruhusa, karte na mwangaza. Ugonjwa haungoji hata moja.

KWA NINI MASAA MACHACHE NI MENGI KWA MTOTO?

Mwili wa mtoto ni mdogo, na akiba yake ni ndogo. Mtu mkubwa anaweza kuharisha usiku kucha na asubuhi akatembea mwenyewe hadi dispensere. Mtoto wa kilo 10 akipoteza maji kidogo tu, damu yake inapungukiwa na maji, moyo unakimbia, nguvu zinakwisha.

Katika nchi yetu ugonjwa wa kufikiri kwanza, mtoto akiwa na joto, ni malaria. Aina ya malaria inayopatikana sana kwetu inaweza kugeuka kuwa kali katika muda wa masaa 24 tu tangu joto kuanza, kama haikutibiwa. Inavunja damu, inapunguza sukari mwilini, na inaweza kupanda kwenye ubongo. Mtoto ambaye jioni alikuwa akicheza uwanjani, anaweza kuwa hajitambui kabla ya jogoo kuwika.

Si malaria peke yake. Ugonjwa wa mapafu unamnyima mtoto pumzi. Kuhara na kutapika kunamkausha. Ugonjwa wa ngozi ya ubongo, unaoitwa meninjiti, unakwenda mbio sana. Nyumbani hakuna anayeweza kutenganisha magonjwa haya kwa kugusa paji la uso. Kazi ya mzazi si kutafuta jina la ugonjwa. Kazi ya mzazi ni kuona alama na kutoka.

ALAMA ZA HATARI

Zishikeni kichwani kama mnavyoshika alama za kazini. Alama MOJA tu inatosha. Si lazima ziwe mbili.

1. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Si kwamba anakataa kwa hasira. Hana nguvu ya kumeza.

2. Anatapika kila kitu. Ukimpa maji anayarudisha, ukimpa dawa anairudisha.

3. Amepatwa na degedege, ugonjwa ambao wengi wetu wanauita "ndege": macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa na kutetemeka. Hata kama degedege imekwisha na mtoto amelala, ni lazima kwenda usiku huo huo.

4. Analegea, analala usingizi usio wa kawaida, haamki vizuri, ao hamjui mama yake.

5. Anapumua kwa shida. Funua kifua chake, utazame akiwa ametulia. Kama sehemu ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, ni hatari. Kama pumzi inalia kwa ukali hali amelala kimya, ni hatari. Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa ao kwa simu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka miaka 5, pumzi 40 ao zaidi katika dakika moja ni mbio mno.

6. Viganja vya mikono na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe. Weka kiganja chake karibu na chako, utaona tofauti. Damu imepungua.

7. Anaharisha na macho yameingia ndani. Finya kidogo ngozi ya tumbo, kisha uiachilie. Kama inarudi polepole, mtoto amekauka. Kama choo ni maji matupu kama maji yaliyooshea mchele, usingoje hata kidogo, kwani inaweza kuwa kolera.

8. Shingo imekuwa ngumu, ao kuna damu katika choo pamoja na joto, ao midomo na ulimi vimegeuka rangi ya majivu ao ya bluu.

Kuna watoto wengine ambao hatungoji alama hizi. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu tunaouita SS, akipata joto, aende mara moja, mchana ao usiku. Mtoto mchanga asiyetimiza miezi 3, vilevile. Na mtoto aliyekunywa petroli ya taa, maji ya Javel ao dawa za watu wakubwa, apelekwe upesi pamoja na chupa yenyewe. Huyo usimlazimishe kutapika.

JE, KILA JOTO LA USIKU NI LA HOSPITALI?

Hapana. Kama mtoto wa miaka 2 ana joto lakini anakunywa, anakutazama, anachezacheza na kupumua vizuri, unaweza kumwangalia nyumbani mpaka asubuhi. Mpunguzie nguo. Mpe maji ao ziwa mara kwa mara. Mpe parasetamoli kadiri ya uzito wake: kwa kila kilo miligramu 15, maana yake mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 150, wala hapati tena kabla ya masaa 6 kupita. Aspirini si dawa ya watoto.

Lakini angalia maneno mawili. La kwanza: kumwangalia si kulala. Mwamshe ao umguse kila baada ya saa moja, umpe kitu cha kunywa, uone kama anameza. La pili: kukicha, nenda naye dispensere wapime damu, hata kama joto limeshuka. Parasetamoli inashusha joto, haiui malaria. Wazazi wengi wanadanganywa hapo: joto limeshuka, wanasema ugonjwa umekwisha, na usiku wa pili mtoto anaanguka.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUTOKA

Ukiona alama ya hatari, usifanye kazi nyingi nyumbani. Dakika 5 zinatosha.

Kama mtoto ana macho na anaweza kumeza, mpe ziwa ao maji ya sukari. Vijiko 4 vidogo vya sukari, visivyo na kilima, katika maji safi ya kikombe kimoja cha mililita 200. Mpe kidogo kidogo. Maji haya yanasaidia sukari isishuke njiani.

Kama anaharisha, tengeneza maji ya paketi, ile dawa ya unga ya kuharisha: paketi moja katika maji safi ya litri moja kamili, si katika kikombe. Mpe kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena polepole zaidi. Chukua chupa hiyo, uendelee kumpa njiani.

Kama ana degedege, mlaze kwa ubavu, mahali pasipo na moto wala kitu kikali. Legeza nguo shingoni. Tazama saa, uone degedege inachukua dakika ngapi, kwani munganga atakuuliza. Usitie kijiko wala kidole kinywani. Usimwagie maji, usimnyweshe kitu. Mtu wa pili akatafute taksi saa ile ile.

Kama hajitambui, usimpe kitu chochote kinywani. Kitaingia katika mapafu.

MAMBO TUNAYOWAOMBA MUYAACHE

Msimtie mtoto pompi ya dawa za miti. Dawa hizo hazina kipimo, zinaongeza kuhara, na mtoto aliyekauka anakauka zaidi.

Msimchanje. Damu yake ni kidogo tayari.

Msimpe nusu ya dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Dawa ya mtu mkubwa iliyokatwa kwa kukisia ni hatari kwa mtoto.

Msimfungie katika chumba pamoja na mbabula inayowaka. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi kwetu, tunajua. Lakini makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtoto anayelegea karibu na mbabula, labda halegei kwa malaria. Labda ni hewa hiyo, na nyumba nzima iko hatarini. Tokeni wote inje kwanza.

Msianze kwa mufumu mkisema "hospitali itafuata". Kama mtu akiwaambia kwamba mtoto wa ndege hapigwi sindano, mjibuni kwa adabu, kisha muende zenu. Dawa ya malaria kali ni sindano. Kinachoua si sindano; ni kuchelewa kuipata.

NJIANI

Muende watu wawili kama inawezekana. Mmoja anabeba mtoto, mwingine anabeba mfuko na kusema na watu.

Usimfunge mtoto mgonjwa mgongoni. Mgongoni huoni uso wake, huwezi kujua kama anapumua. Mbebe mbele, kifuani, kichwa kikiwa juu kidogo, uso ukiwa huru. Aliyelegea ao aliyetapika awekwe kwa ubavu, matapishi yasimrudie kooni. Mfunike kwa kitambaa kimoja ikiwa kuna baridi. Usimzungushie mablanketi matatu hali mwili unawaka.

Mkipanda pikipiki, mwenye mtoto akae nyuma ya dereva, amshike mtoto kwa mikono miwili kati yao, na dereva aende polepole. Ajali njiani haitamponyesha mtu.

Hospitali ya kwenda ni ile ya karibu inayofanya kazi usiku. Kama ya kampuni iko mbali na nyingine iko karibu, anza kwa ile ya karibu. Wataanza kumhudumia, na kuhamishwa kutafuata. Wanaokaa mbali sana, kwenye dispensere ndogo, wanaweza kupewa dawa ya malaria inayoingizwa kwa njia ya nyuma. Ni dawa nzuri, lakini ni ya kununua wakati tu. Haimalizi ugonjwa. Safari ya hospitali iendelee.

KWENYE URJANSI

Ukifika mlangoni, usikae kimya kwenye benchi kwa haya. Mwambie mtu wa kwanza mwenye nguo ya kazi: "Mtoto wangu hanywi," ao "Mtoto wangu amepatwa na degedege," ao "Hapumui vizuri." Taja alama yenyewe. Neno "ana homa" linasemwa na watu 20 kwa usiku mmoja. Neno "hawezi kunyonya" linamfanya muuguzi ainuke.

Usishangae kama mtoto aliyefika nyuma yako anatangulia kutazamwa. Pale hawafuati mstari wa kufika; wanafuata uzito wa ugonjwa. Lakini kama mtoto wako amebadilika ukiwa unangoja, inuka useme tena. Hiyo si ukosefu wa adabu.

Munganga ao muuguzi atakuuliza maswali haya. Tayarisha majibu njiani:

Joto lilianza lini, saa ngapi? Ametapika mara ngapi, ameharisha mara ngapi? Mara ya mwisho kukojoa ni saa ngapi? Degedege ilichukua dakika ngapi? Amepewa dawa gani, kipimo gani, saa ngapi? Ana chanjo gani? Je, kuna SS katika jamaa?

Hapo sema kweli yote. Kama bibi yake alimpa dawa ya miti, ao kama mlimtia pompi, sema. Munganga haulizi ili akugombeze. Anauliza kwa sababu dawa ya kwanza inaweza kugongana na dawa yake.

Watamtoboa kidole kidogo, watazame malaria, sukari na damu. Akiwa na malaria kali, atapigwa sindano ya dawa inayoitwa artesunate: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya masaa 12, ya tatu baada ya masaa 24, kisha moja kila siku mpaka aweze kumeza. Baadaye atapewa dawa ya kumeza ya siku 3. Hata akiwa anakimbia uwanjani siku ya pili, dawa hizo zimalizwe zote.

Akikosa pumzi, atawekewa hewa ya oksijeni puani. Wazazi wengine wanaogopa kale kampira, wanasema ni alama ya kifo. Sivyo. Ni msaada wa kupumua, kama vile mtu wa chini ya shimo anavyopelekewa hewa kwa mabomba.

Akikosa damu, huenda akahitaji damu ya mtu usiku huo huo. Kwa hiyo ni vizuri anayekusindikiza awe mtu mkubwa mwenye afya. Damu inapimwa kwanza, haitiwi ovyo. Msikatae.

NENO KWA BABA ANAYETUMIKA USIKU

Ndugu, sasa tunasema nawe peke yako.

Kazini kwako, zima la mashine liko mahali ambapo kila mtu anaweza kulifikia. Halifungwi katika sanduku la shefu. Kwa nini? Kwa sababu hatari haichagui nani yupo. Basi, tazama nyumba yako. Karte ya hospitali iko wapi usiku huu? Franka za taksi ziko wapi? Kama vyote viko katika mfuko wa suruali yako, nawe uko kazini, umefunga zima katika sanduku na kuondoka na ufunguo.

Fanya mambo haya juma hili, mchana, wakati mtoto ni mzima:

Moja. Mwambie bibi yako wazi, mbele ya wakubwa wa nyumba, mbele ya mama yako kama anakaa kwenu: "Mtoto akionyesha alama moja, toka. Usiningoje. Usingoje ruhusa." Sema kwa sauti, ili kesho mtu asimshitaki. Maneno haya hayana bei, na ni dawa ya kwanza.

Mbili. Tengenezeni mfuko wa usiku, utundikwe kwenye msumari karibu na mlango. Ndani yake: karte ya hospitali ao nakala yake, fishi ya chanjo na uzito wa mtoto, franka za kwenda na za kurudi, taa ndogo, kitenge kimoja, kikombe, kijiko, sukari kidogo, paketi 2 za dawa ya kuharisha. Franka za mfuko huu haziguswi kwa kununua mkate.

Tatu. Semeni na jirani mmoja. Yeye atabaki na watoto wengine, ninyi mtamfanyia vivyo hivyo siku yake ikifika. Tafuteni pia dereva mmoja wa karibu anayekubali kuamshwa usiku, na muandike namba yake ukutani, si katika simu peke yake. Simu inaweza kukosa moto.

Nne. Uliza kazini kwako njia gani inatumiwa kumpasha habari mfanyakazi aliye chini ao kwenye mashine. Mwachie bibi yako namba hiyo. Lakini mpangilio uwe huu: kwanza hospitali, halafu habari. Mama asikae nyumbani akipiga simu isiyojibiwa.

Tano. Tembeeni pamoja mchana mpaka kwenye mlango wa urjansi, mjue unafunguliwa wapi usiku. Milango ya mchana mara nyingi inafungwa jioni, na mama mwenye mtoto mikononi hapaswi kuzunguka ukuta akitafuta.

NENO KWA MAMA

Mama, wewe ndiwe unayemjua mtoto. Unajua kilio chake cha njaa na kilio chake cha hasira. Usiku moyo wako ukikuambia "huyu si mtoto wangu wa siku zote," usiubishie. Tazama alama, na ukiona moja, chukua mfuko utoke.

Unaogopa kuchekwa kama ikionekana si kitu kikubwa? Mtu anayetoka chini ya mwamba, na mwamba usianguke, hachekwi. Anaambiwa: umefanya vizuri. Munganga anayejua kazi yake atakuambia hivyo hivyo. Afadhali kurudi nyumbani mara kumi na mtoto mzima, umechoka na umepoteza usingizi, kuliko kungoja mara moja iliyo ya kweli.

KINGA NI BORA KULIKO SAFARI YA USIKU

Safari nyingi za usiku zinaweza kuzuiwa mchana. Mtoto alale chini ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Chanjo zake zifuatwe mpaka mwisho. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha. Maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe dawa, zaidi sana miezi ya mvua. Na mtoto mwenye joto apimwe damu siku ya kwanza, asingojwe mpaka siku ya tatu.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

Jioni hii, kisha chakula, baba ao mtoto mkubwa anayesoma asome maswali haya kwa sauti, na wote wajibu.

1. Taja alama 4 za hatari bila kutazama ukurasa.
2. Mtoto wetu ana kilo ngapi?
3. Karte ya hospitali iko wapi sasa hivi? Nani anaweza kuishika katika giza?
4. Nani atabaki na watoto wengine?
5. Mtoto akishikwa na degedege, tunafanya nini, na hatufanyi nini?
6. Saa nane ya usiku, baba akiwa kazini, nani ana ruhusa ya kutoka na mtoto?

Kama kwa swali la 6 nyumba nzima inajibu pamoja, "Yeyote aliyeona alama," basi somo limeingia. Kateni ukurasa huu, muubandike karibu na mfuko wa usiku, mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma kwa taa ndogo.